Maradhi madogo ya safarini na jinsi ya kuyakabili

ABIRIA atokaye Nyahururu kwenda Mombasa kwa basi huketi kwa saa nyingi mno. Wengi hujinyima maji wakihofia kubanwa na haja kabla ya gari kufika Mtito Andei, kisha huteremka wakiumwa kichwa na choo kimefunga. Ni afadhali kunywa maji kidogo kidogo na kushuka kila gari linaposimama, kwani kutembea hupunguza pia uvimbe wa miguu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au mtu akishindwa kupumua vyema, apelekwe hospitalini mara moja.

Anayeshikwa na kichefuchefu aketi mbele, atazame mbali barabarani na kuliweka gazeti kando. Tembe za kuzuia kutapika humezwa kabla ya kuondoka, si wakati mtu ameshaanza kutapika. Nyingi huleta usingizi, hivyo hazimfai dereva.

Kuhara ndiko huharibu safari nyingi. Hatari yake kubwa ni mwili kuishiwa na maji, hasa kwa watoto. Pakiti ya ORS ichanganywe na kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Ikikosekana, lita 1 ya maji safi itiwe vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa bapa. Chumvi isizidishwe, kwani humdhuru mtoto. Anayenyonya aendelee kunyonya. Kukiwa na damu kwenye choo, au macho ya mtoto yakibonyea, zahanati ndiyo mahali pake.

Lakini jambo linalopuuzwa zaidi hutokea baada ya kurudi. Malaria imeenea Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na mkazi wa nyanda za juu zenye baridi huwa na kinga ndogo dhidi yake. Dalili huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati msafiri yuko kwake na kila mtu anadhani ni mafua. Akimeza dawa za maumivu pekee, ugonjwa waweza kumpanda kichwani na kumuua.

Mwenye homa amweleze daktari alikokuwa, hata ikiwa wiki kadhaa zimepita, na apimwe damu siku hiyo hiyo. Kabla ya safari, mja mzito apate ushauri kliniki, na chandarua kiwekwe ndani ya mkoba.