Watu Usiwachague Sana, Ufunguo Uulizie

Hapa Nyarugusu yuko kijana mmoja anayepiga gita la solo mpaka wazee wanasimama njiani. Gita lenyewe amelitengeneza kwa mikono yake: ubao, kopo la mafuta ya mgao, na nyuzi za breki za baiskeli. Mwaka jana bendi tatu zilimfuata. Ya kwanza akaikataa kwa kuwa inapiga nyimbo za kanisa tu. Ya pili akaikataa, eti mwimbaji wake hana sauti. Ya tatu ndiyo iliyoniuma. Aliniambia, "Yaya, miye siwezi piga na bale bantu."

Bale bantu maana yake watu wa kabila lingine, wale ambao kule kwetu Kivu ya Kusini tulikuwa tunawakimbia, na wao wanatukimbia sisi.

Nilitaka kumjibu palepale kwa maneno ya semina: amani, umoja, kuishi pamoja. Lakini hayo anayajua yote, hata cheti anacho. Nikaona heri nimjibu kwa habari za wanamuziki wenyewe, maana hao anawaheshimu kuliko mimi. Nikakaa na wazee wanaokumbuka miziki ya zamani, nikasoma nilichoweza kusoma. Swali langu lilikuwa moja tu: mpiga muziki achague bendi kwa kiasi gani, na achague nini?

Tuanzie mbali kidogo. Januari 1960 viongozi wa Kongo walikwenda Brussels kwenye mkutano wa kudai uhuru. Joseph Kabasele, yule tunayemwita Grand Kallé, akaenda na bendi yake ya African Jazz. Wakati ule Kinshasa bado inaitwa Léopoldville, na watu wa muziki wamegawanyika sehemu mbili: huku African Jazz, kule OK Jazz ya akina Franco. Ukipenda hii, ile unaizomea. Lakini safari ile Kabasele hakwenda na watu wake peke yao. Alimchukua Vicky Longomba na alimchukua Brazzos, wote wawili wa OK Jazz. Ndipo ukatoka ule wimbo wa uhuru, Indépendance Cha Cha, uliopigwa Afrika karibu nzima. Wapinzani walishika vyombo pamoja kwa sababu kazi iliyokuwa mbele yao ilikuwa kubwa kuliko ugomvi wa mashabiki.

Sisemi kwamba baada ya hapo walipendana milele. Hapana. Mwaka 1963 Tabu Ley, wakati huo akiitwa Rochereau, na Docteur Nico walimwacha Kabasele, wakaunda African Fiesta. Nayo haikukaa miaka mingi, ikapasuka. Sam Mangwana ndiye kabisa: alipita kwa Rochereau, akapita kwa Franco, akaenda mpaka Abidjan, watu wakambandika jina la njiwa msafiri. Kwa hiyo kijana wangu ajue kwamba kuingia bendi si kuoa. Unaweza kuingia, ukajifunza, ukatoka kwa heshima. Anayengoja bendi isiyo na kasoro atangoja mpaka vidole vikauke.

Sasa tusogee huku kwetu, Afrika Mashariki. Miaka ya 1970 wanamuziki wengi wa Kongo walivuka mipaka. Wengi wao walifuata kazi, si kama sisi tuliofukuzwa na risasi, lakini barabara ni zilezile. Baba Gaston alitoka Lubumbashi na bendi yake mpaka Nairobi. Mwaka 1976 sehemu ya vijana wake wakajitoa na kuunda Les Mangelepa. Samba Mapangala alizaliwa Matadi, kule upande wa bahari, akapita Uganda na kundi la Les Kinois, wakafika Nairobi 1977. Mwaka 1981 akaunda Orchestra Virunga, jina la milima ile ya moto karibu na Goma. Fikiria: mtu wa Matadi anaita bendi yake kwa jina la milima ya mashariki! Hakuuliza nani ni wa wapi.

Ila ninayempenda zaidi ni Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu mwaka 1947. Wazazi wake walifariki yeye akiwa bado mtoto, shule ikakatika. Akapiga muziki huku na huku, na mwaka 1978 akaingia Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, Mzee Makassy. Je, aliichagua? Ukiniuliza mimi, aliipokea. Ulikuwa mlango uliofunguliwa, naye akapita. Mambo ya kuchagua yalikuja baadaye. Makassy ilipoelekea Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Remmy akashika njia yake na Matimila ya Dar, bendi yenye jina la mahali kusini mwa Tanzania. Humo ndimo alimokuwa sauti ya wanyonge. Mwaka 1988 wakapiga Ulaya kwenye matamasha ya WOMAD. Alifariki Dar mwezi Desemba 2010, na mpaka leo kituo cha daladala kinaitwa Sinza kwa Remmy. Mtoto yatima wa Kindu amekuwa kituo cha basi katika nchi ya watu.

Hapo nikafikiri nimemaliza jibu: usichague sana, ingia. Lakini wazee wakaniambia, "Bado hujauliza vyombo ni vya nani."

Kweli, Dar ya wakati ule wanamuziki wengi hawakuwa na gita lao. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Wapigaji walikuwa na mshahara, lakini jina la bendi lilikuwa linafuata jina la chama: NUTA, baadaye JUWATA, baadaye OTTU, mpaka leo Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza 1978, na mwaka 1983 ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Safari Sound ilikuwa ya mfanyabiashara Hugo Kisima. Mwaka 1985 Kisima aliivunja Safari Sound ile aliyokuwemo Ndala Kasheba, Mkongo wa gita la nyuzi 12, akawavuta Muhiddin Gurumo na wenzake kadhaa kutoka Mlimani Park, akaunda bendi mpya. Mwenye vyombo akiamua asubuhi, jioni bendi haipo. Uwe Kasheba, uwe nani, haibadilishi kitu. Hata Gurumo mwenyewe baadaye alirudi Msondo, akaimba huko mpaka uzeeni.

Hadithi hiyo ilinichoma kwa sababu yamenikuta. Miaka minne iliyopita nilikuwa napiga tumba katika kundi la vijana hapa kambini. Shirika moja lilileta kinanda, amplifaya na spika mbili. Tulifurahi sana, tukaanza kuchagua watu. Tulipima sauti, tukabishana nani aimbe mbele, tukahesabu hata makabila ili ripoti iwe nzuri. Tulichambua watu kama mama anavyochambua mchele, hata kijiwe kidogo tukakitoa, lakini sufuria ni la nani hatukuuliza. Mradi ukaisha. Siku moja ikaja pikapu, wakapakia kila kitu, tukasaini karatasi. Hakuna aliyetukana mtu, ilikuwa ni utaratibu. Mwezi haukuisha kundi likafa. Mmoja wetu aliyekuwa haongei na watu isipokuwa jukwaani, akarudia kukaa kimya.

Na sisi tuna shida nyingine ambayo Remmy hakuwa nayo. Yeye bendi ikimshinda alikuwa anavuka mtaa, anaenda nyingine. Mimi kutoka kambini nahitaji kibali. Bendi zetu zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kwa hiyo ukiwakataa watu kwa kabila, au kwa sababu wewe unapenda soukous na wao wanapenda kwaya, hujachagua bendi nyingine. Umechagua kukaa nyumbani. Najua wapo wanaosema, "Nitapiga nikifika nje." Wengine wako kwenye mchakato wa kwenda Marekani mwaka wa saba huu. Gita halingoji ndege.

Basi jibu langu kwa kijana ni hili. Watu usiwachague sana. Asiyejua atajifunza, mtu wa kwaya atakufundisha kupanga sauti, na yule wa kabila lingine naye usiku anaota bunduki kama wewe. Ila masharti yachague bila aibu. Uliza kabla hujashika nyuzi: vyombo ni vya nani? Ufunguo wa stoo anao nani? Hela ya harusi ikipatikana inagawanywaje, na mbele ya nani? Nikitaka kutoka, natoka salama? Wakikasirika kwa maswali hayo, hiyo ndiyo bendi ya kukataa.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, hamkosi nia njema, najua. Lakini mkileta vyombo, andikeni tangu siku ya kwanza vitabaki na nani mradi ukifungwa. Gita moja lililobaki ni bora kuliko jukwaa zima lililoondoka na pikapu.

Nilimsomea kijana karatasi hii kabla ya kuileta kwa wahariri. Hakusema kitu, alikuwa anakaza nyuzi za breki zake. Jumamosi iliyofuata nikapita karibu na lile banda la bendi ya tatu, nikamkuta amekaa nje kwenye ndoo, gita mapajani, hajaanza kupiga. Alikuwa anamuuliza kiongozi wao ufunguo unakaa kwa nani.