Kupiga Kambi Shimba Hills: Yafaayo Kujulikana

Hifadhi ya Shimba Hills, kaunti ya Kwale, ilitangazwa rasmi mwaka 1968 na iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Ndipo mahali pekee nchini Kenya panapoishi palahala. Mwenye hema lake anaruhusiwa kulala ndani, katika viwanja vilivyotengwa, kwa kulipa kiingilio na ada ya kambi. Pesa taslimu hazipokelewi langoni, basi lipa kwa eCitizen kabla ya kutoka nyumbani. Maji nayo yatie kwenye dumu: tangu Juni 5, 2020, chupa za plastiki za kutumika mara moja ni marufuku hifadhini, na wengi wetu hukumbuka hilo tukiwa tayari tumefika.

Watu huogopa chui, lakini wa kuangaliwa zaidi ni ndovu na nyani. Usilale na ndizi wala maembe hemani. Harufu huwaita, na turubai halimzuii ndovu. Matunda yamalizeni kabla ya magharibi, kisha asitoke mtu kambini. Kuteremkia maporomoko ya Sheldrick, fuataneni na askari wa KWS. Blanketi pia ni lazima. Alfajiri ya huko ina ukungu, si joto la Mombasa.