Bunduki Haijengi Nyumba

Msomaji, ukiifuata barabara ya kusini mwa Ziwa Naivasha utafika Kamere, makao ya wafanyakazi wa mashamba ya maua. Humo huishi watu wa makabila mengi, ukuta kwa ukuta. Ujirani wa namna hiyo ulitiwa majaribuni kotekote wilayani mwanzoni mwa mwaka 2008.

Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulizua mzozo, na fujo zikaenea katika Bonde la Ufa. Mwishoni mwa Januari zilifika Nakuru na Naivasha. Tarehe 27 watu 19 waliteketezwa katika nyumba moja mtaani Kabati, Naivasha. Katika Kenya nzima waliuawa watu zaidi ya 1,100, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao.

Polisi walipozidiwa, jeshi liliitwa kusaidia. Wanajeshi walifungua barabara zilizozibwa, na misafara ya wakimbizi ikapita chini ya ulinzi. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, kwani bila ya barabara hapana chakula wala dawa. Lakini kuwalisha waliojaa katika Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru ilikuwa kazi ya raia: Msalaba Mwekundu, makanisa na watu wema. Na amani yenyewe ilitokana na mazungumzo yaliyoongozwa na Kofi Annan, yakazaa mapatano ya tarehe 28 Februari.

Mwezi wa Mei serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Kila jamaa iliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 kwa aliyebomolewa nyumba. Wengi walirudi, walakini wengine walilalamika kwamba waliharakishwa, wakalala katika mahema kando ya mashamba yao wenyewe, kwa kuwaogopa majirani. Hapo ndipo penye fundisho. Askari aweza kumfikisha mtu mlangoni pake, lakini hawezi kumwamrisha jirani amkaribishe.

Pengine utauliza: kwa nini basi jeshi lisikabidhiwe kazi yote, kwa kuwa lina magari, wahandisi na nidhamu? Jibu limo katika Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 241. Jeshi litashirikiana na mamlaka nyingine wakati wa dharura na maafa, nalo litatoa taarifa kwa Bunge la Taifa. Bali kupelekwa kurudisha amani mahali penye ghasia, sharti Bunge likubali kwanza. Mwenye bunduki huitwa na raia, hutumwa na raia, na huwajibika kwa raia. Pasipo mpaka huo, mlinzi wa leo aweza kuwa bwana wa kesho.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu hauzibwi kambini. Huzibwa darasani, sokoni na kisimani, na nyinyi vijana ndio mafundi wake.