Gari Halifi, Linabadilisha Karatasi Tu

Tuongee ukweli kidogo. Mwaka jana mjomba wangu alichukua mkopo wa sacco akanunua gari la teksi. "Kijana, hii gari ni kama mpya," akaniambia, na kweli rangi ilikuwa inang'aa. Miezi mitatu baadaye fundi aling'oa zulia akakuta matope yaliyokauka na viungio vya nyaya vimeota kutu. Tulipofuatilia, tukajua kwamba gari liliwahi kuzama kwenye mafuriko, bima ikamlipa mwenyewe, kisha ikauza mabaki. Logbook? Safi kabisa.

Usidhani huu ni ujanja wa Wakenya peke yao. Bima ikiona gharama ya kutengeneza gari inakaribia au inapita thamani yake, inamlipa mteja, inachukua gari na kuliuza ili irudishe pesa kidogo. Hiyo ni biashara halali. Shida huanza pale anayelitengeneza anapoliuza bila kutaja historia yake.

Marekani waliliona hili mapema. Huko kila jimbo lina sheria zake za cheti cha umiliki. Gari likiandikwa "lilizama" jimbo moja, mjanja alilipeleka jimbo lingine, akapewa cheti kisicho na doa. Wenyewe huita kuosha cheti. Mwaka 1992 Bunge lao likapitisha sheria ya kuunganisha rekodi za majimbo yote, lakini kazi ikaenda polepole. Agosti 2005 kimbunga Katrina kikapiga New Orleans na pwani ya jirani, mamia ya maelfu ya magari yakaharibika, na mfumo bado haujakamilika. Mwananchi wa kawaida aliruhusiwa kuangalia rekodi hizo mwaka 2009. Hesabu mwenyewe: miaka 17!

Uingereza nako bima huyapanga magari hayo kwa herufi. A na B hayarudi barabarani kamwe. Zamani yaliyoweza kurudi yaliitwa C na D, na kigezo kilikuwa gharama ya matengenezo. Oktoba 2017 wakabadilisha: S ni gari lililoumia fremu, N ni lile ambalo fremu yake haikuguswa. Yaani waliacha kuuliza "ni pesa ngapi?" wakaanza kuuliza "limeumia wapi?" Na hiyo ndiyo abiria anataka kujua.

Sasa turudi nyumbani. Soko letu lilipofunguliwa miaka ya 1990, magari ya mitumba yakamiminika, mengi kutoka Japani. Kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000 kikatuwekea mipaka: umri usizidi miaka 8, usukani uwe kulia, gari liwe salama barabarani. Ni vizuri. Lakini kimetuzoesha maswali mawili tu: ni la mwaka gani, na limetembea kilomita ngapi? Ukaguzi wa Japani hauwezi kujua kwamba gari litakuja kuzama Nairobi kwenye mafuriko kama yale ya 2024.

Sisemi magari haya yapigwe marufuku. Lililogongwa mlango likatengenezwa vizuri linaweza kukuhudumia miaka mingi, mradi bei iwe ya haki na wewe ujue. Ninachotaka ni kitu kimoja: bima ikishalipia gari kama mabaki, iandikwe kwenye logbook, na isifutike hata likibadilisha wamiliki kumi.

Mpaka siku hiyo, nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Inua zulia. Nusa viti. Vuta mkanda wa usalama hadi mwisho uangalie kama una alama ya maji. Washa gari uone kama taa ya mifuko ya hewa inawaka kisha inazima. Isipowaka kabisa, uliza kwa nini. Na muulize muuzaji uso kwa uso: "Bima ilishawahi kulipia hii gari?" Jibu lake liandikwe kwenye mkataba.

Mjomba bado analipa mkopo. Gari limeegeshwa nyuma ya nyumba, na bado linang'aa.