Kinubi cha Brian Boru: Jina la Mfalme na Mkono wa Fundi

Ni jambo la kawaida katika historia ya sanaa kwa kazi ya fundi asiyejulikana kuhusishwa na shujaa mashuhuri. Mfano mmojawapo ni kinubi kongwe cha Trinity College, Dublin. Kwa muda mrefu kimeitwa kinubi cha Brian Boru, mfalme wa Ireland aliyeuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014.

Dai hili lilipata nguvu baada ya William Conyngham kukikabidhi chuo hicho kinubi mwaka 1782. Miaka minne baadaye, Charles Vallancey alichapisha maelezo kwamba mwana wa mfalme alikipeleka Rome akamtunuku Papa, na kwamba hatimaye kilimfikia Henry VIII wa Uingereza. Masimulizi hayo ni matamu, lakini hayakukizingatia kinubi chenyewe.

Kasoro hiyo ndiyo iliyomshughulisha George Petrie katika makala yaliyochapishwa mwaka 1840 ndani ya mkusanyiko wa muziki wa Edward Bunting. Petrie alikisoma chombo kama matini. Alichunguza mtindo wa nakshi pamoja na nembo ya ukoo wa O'Neill iliyomo, akabainisha kwamba hakingeweza kuwa cha zama za Brian Boru. Wataalamu wa baadaye nao wamekiweka katika karne ya 14 au ya 15.

Ufundi wenyewe unastahili kuangaliwa kwa makini. Sanduku la sauti lilichongwa katika gogo moja la mti wa wilo, likakombwa kwa nyuma. Shingo na mhimili wa mbele huungana nalo kufanya pembetatu inayokazwa na mvuto wa nyuzi za madini. Fundi alikabiliwa na masharti mawili yanayokinzana: kila mkato wa nakshi ulipunguza mbao, ilhali mbao hiyo ndiyo iliyobeba mvuto wa nyuzi. Misuko na miviringo aliyoichonga ni kazi ya mtu aliyejua kiasi.

Mwaka 1961 kinubi kilifumuliwa na kuundwa upya katika British Museum, ikadhihirika kwamba matengenezo ya awali yalikuwa yamelifupisha umbo lake. Hata hivyo, umbo hilo fupi lilikuwa limekwisha kuigwa katika nembo ya dola ya Ireland tangu 1922. Hivyo basi, kosa la mkarabati lilirithiwa kama lilivyorithiwa kosa la msimulizi. Jina la fundi halijulikani; ushahidi wake ni mbao aliyoichonga, na mhakiki hana budi kuanzia hapo.