Darasa la jioni halimo kwenye wasifu

Katika misiba mingi ya Tanzania Bara, jeneza haliondoki kwenda makaburini kabla wasifu wa marehemu haujasomwa. Waombolezaji wanaujua mtiririko wake: alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaajiriwa, akapanda cheo, akastaafu, akaugua, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Huo ni mtiririko wa jalada la utumishi. Mwenye ajira hukamilika ndani yake, lakini mkulima aliyefundisha jirani zake kusoma hupewa sentensi moja tu, kwamba alishiriki shughuli mbalimbali za kijamii. Hata mwalimu wa shule ya msingi, kazi yake ya asubuhi imo, darasa lake la jioni la watu wazima halimo. Nadhani tumepoteza mengi ndani ya sentensi hiyo, na lawama haiwahusu wafiwa. Ni mtindo wa kumbukumbu tuliourithi ofisini na kuupeleka msibani.

Uzito wa kilichopotea unaonekana tukirudi nyuma kidogo. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Rais Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kampeni ikaanzia wilaya chache, zikiwemo Mafia, Ukerewe na Masasi. Mwaka uliofuata chama tawala, TANU, kikaazimia ujinga wa kutojua kusoma ufutwe nchi nzima ifikapo mwisho wa 1975. Azimio ni rahisi kuandika, lakini nani angefundisha? Walimu walioajiriwa hawakutosha hata kwa watoto. Kwa hiyo madarasa ya ngumbaru, yaani ya watu wazima, yaliwaangukia walimu wa shule za msingi waliokwisha kuchoka mchana kutwa, vijana waliomaliza darasa la saba, na wanakijiji wengine waliojua herufi. Malipo yalikuwa posho ndogo au hayakuwepo. Vitabu vya kisomo chenye manufaa, vilivyokuwa vimejaribiwa kanda ya ziwa tangu 1968 kwa msaada wa UNESCO, vilizungumzia pamba, migomba na mahindi, kwa hiyo aliyefundisha ilimbidi awe bwana shamba pia. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilipokuja mwaka 1973, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na takriban watu milioni mbili wakakusanyika kusikiliza, kujadili, kisha kwenda kuchimba vyoo. Kufikia 1986 serikali ilihesabu wasiojua kusoma kuwa chini ya asilimia 10.

Takwimu hizo zina wasomaji, vikundi, hata vyoo. Walimu wamo kama jumla tu. Majina yao yalikuwa kwenye madaftari ya mahudhurio, nayo si aina ya karatasi ambayo taifa hutunza. Majengo nayo yalipohitaji majina yaligawiwa kwa ngazi nyingine: chuo kikuu cha kilimo Morogoro kikaitwa Sokoine, na sekondari za kata zilizojengwa kwa wingi kuanzia 2006 hazikukosa zilizopewa majina ya wanasiasa. Sisemi hawakustahili. Nasema mwalimu wa ngumbaru hakuwahi hata kuwa kwenye foleni hiyo.

Yapo mapingamizi, na la kwanza lina nguvu. Takwimu zenyewe zina walakini, watu wataniambia: kuna waliohudhuria kwa kuogopa sheria ndogo za wilaya, na wengi waliofaulu mtihani walisahau kusoma kwa kukosa cha kusoma. Ni kweli, na miaka ya themanini, hali ya uchumi ilipobana, madarasa mengi yalikufa kimyakimya. Lakini hiyo ni sababu ya kuwaandika walimu hao, si ya kuwaacha. Asilimia haiwezi kutueleza kwa nini kijiji kimoja kiliendelea kukutana posho ilipokatika na cha jirani kikafunga siku hiyohiyo. Wasifu unaweza, ukiandikwa na watu wanaothubutu kutaja pia lililoshindikana.

Pingamizi la pili ni la imani. Kwa Waislamu elimu yenye manufaa ni sadaka inayoendelea baada ya kifo, na sadaka njema ni ile isiyotangazwa. Aliyejitolea hakutaka kupigiwa baragumu. Hapo ningetenganisha mambo mawili. Nia ni ya marehemu na Mola wake. Darasa lilikuwa la kijiji, na kijiji kina haki ya kujua kilijifunzaje kusoma. Wapo pia wanaosema kumbukumbu ya mwalimu ni wanafunzi wake, kauli ambayo hupendeza sana msibani. Mwanafunzi aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1975 alizaliwa 1945. Kumbukumbu ya namna hiyo nayo inazikwa.

Kinachohitajika si sanamu. Jioni za matanga, kabla karatasi ya wasifu haijapelekwa kuchapwa, watoto wa marehemu wangewauliza wazee waliokaa nje: alifundisha wapi, chini ya mti gani au ghala la nani, miaka ipi, kina mama walikuwa wangapi, nani alikuwa ananunua chaki, na darasa lilivunjika kwa sababu gani. Majibu yatagongana, na mzee mmoja atamkatiza mwenzake. Yaandikwe yote mawili, na nakala moja ibaki kwenye ofisi ya kijiji.