Nusu dola za Isaac Hathaway

Isaac Scott Hathaway alikuwa na miaka tisa hivi alipoingia na baba yake kwenye jumba la makumbusho na kuanza kutafuta sanamu ya Frederick Douglass, mpinga utumwa mashuhuri. Sanamu za mashujaa wa Marekani zilikuwepo, ya Douglass haikuwemo. Baba mtu, mchungaji wa kanisa, akamweleza kuwa Wazungu wamewachonga watu wao, ila Weusi bado hawajapata mchongaji aliyesomea kazi hiyo. Mtoto akatoka na nadhiri moyoni. Ndivyo Hathaway mwenyewe alivyosimulia, na hata kama simulizi ilikolea chumvi kadiri miaka ilivyopita, maisha yake hayaipingi.

Alizaliwa Lexington, Kentucky, mwaka 1872. Alisoma Boston na Cincinnati, akarudi kwao kufundisha, kisha mwaka 1907 akahamia Washington, D.C. Huko alifungua biashara ya sanamu za plasta za kichwa na mabega: Douglass, mshairi Paul Laurence Dunbar, Askofu Richard Allen, mwalimu Booker T. Washington. Hazikuwa sanamu za kusimamishwa uwanjani. Zilikuwa ndogo, za kuwekwa sebuleni au juu ya meza ya mwalimu. Shaba ingemlazimu kumsubiri tajiri wa kumfadhili. Plasta ilihitaji kalibu moja tu, ukamimina nakala baada ya nakala, na kabwela naye akamudu bei.

Mwaka 1915 alikwenda Pine Bluff, Arkansas, akaanzisha mafunzo ya ufinyanzi katika chuo cha Weusi. Mwaka 1937 aliitwa Tuskegee, Alabama, chuo alichokianzisha Booker T. Washington mwenyewe, nako akaanzisha idara ya ufinyanzi.

Sarafu ilimjia uzeeni. Agosti 1946 Rais Harry Truman alisaini sheria ya kutoa nusu dola za fedha, hadi milioni 5, kumkumbuka Booker T. Washington. Mwenye mpango alikuwa S. J. Phillips, aliyetaka faida ya mauzo ijenge kumbukumbu pale Virginia alikozaliwa Washington. Kazi ya kuchora sarafu ilikuwa tayari mikononi mwa Charles Keck, mchongaji Mzungu aliyetengeneza sanamu kubwa ya Washington iliyopo Tuskegee tangu 1922. Hathaway akajitokeza na kitu ambacho Keck hakuwa nacho: kinyago cha uso wa Washington, kilichochukuliwa akiwa hai. Akajitolea kufanya kazi bila malipo. Kamati ya serikali ya sanaa ilipolinganisha kazi hizo mbili, ikachagua yake.

Hivyo Mmarekani Mweusi wa kwanza kuonekana kwenye sarafu ya nchi hiyo alichorwa na Mmarekani Mweusi wa kwanza kubuni sarafu yake. Upande wa nyuma wa sarafu kuna kibanda cha watumwa, na juu ya kibanda ni jengo la New York linaloenzi Wamarekani mashuhuri, ambamo Washington alikuwa amechaguliwa kuingizwa mwaka 1945.

Mauzo yalidoda. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 3, na karibu nusu yake zikarudishwa kuyeyushwa. Phillips, aliyekuwa amezama kwenye madeni, alirudi bungeni na hoja mpya iliyolingana na hofu za wakati ule: sarafu nyingine ingesaidia kuzuia ukomunisti usienee miongoni mwa Weusi. Bunge likakubali mwaka 1951. Hathaway akawachora Washington na mwanasayansi George Washington Carver, nyuso zao zikiwa zimepandana. Kwa upande wa nyuma alipendekeza nembo ya chama cha maveterani, Wizara ya Mambo ya Nje ikaipinga, na mahali pake ikawekwa ramani ya Marekani yenye maneno ya uhuru na fursa kwa wote. Ni upande uliopwaya kidogo, na hauna ule uhai wa kibanda cha sarafu ya kwanza. Huenda hata mwenyewe aliliona hilo.

Sarafu hiyo ilikoma mwaka 1954, na serikali haikutoa nyingine ya kumbukumbu hadi 1982.

Hathaway wakati huo alikuwa amepita miaka 80, anafundisha ufinyanzi katika chuo kimoja mjini Montgomery. Alistaafu mwaka 1963, akafariki mwaka 1967. Nusu dola zake bado zinabadilishana mikono kati ya wakusanyaji wa sarafu, na nyingi wala hazina bei kubwa.